Desibeli Ishirini na Tano

Jumatatu, 4 Machi

Leo mashine ya kupimia masikio imefika zahanati. Ni kisanduku cha kijivu chenye hedifoni, nyekundu ya sikio la kulia na buluu ya kushoto, na kitufe kwenye waya. Mtu akisikia mlio anabonyeza, taa inawaka upande wangu. Basi. Mwaka wa tisa huu niko kwenye zahanati ya kiwanda cha misumari, nafunga vidole vilivyokatika na kuosha macho yaliyoingia vumbi la chuma, na hakuna siku niliyoulizwa habari za masikio. Sasa sheria imekuja, wafanyakazi wote mia na kumi na wawili wapimwe kabla ya mwisho wa Aprili.

Aliyeileta ni fundi wa vipimo, mzee mwembamba anayeongea taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kwanza alinipeleka ukumbi wa mashine na kifaa cha kupima kelele. Kilisoma 97.

"Si mbaya," nikasema tulipotoka. "Haijafika mia."

"Nesi, hizi si alama za mtihani. Kila zikiongezeka desibeli tatu, nguvu ya kelele inakuwa maradufu. Kwenye themanini na tano mtu anakaa saa nane. Kwenye hizi zenu anakaa nusu saa, halafu masikio yanatakiwa yaende nyumbani."

Kaka yangu anafanya kazi ukumbi ule. Miaka thelathini na minne, saa nane kwa siku, pamba masikioni.

Nilimuuliza fundi kwa nini kwenye kioo cha mashine wameandika Hz na dB, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika kama mwandiko wa mtoto. Akacheka. "Herufi kubwa ni za watu. Hezi ni Hertz, aliyepima mawimbi. Beli ni Bell, yule wa simu. Volti, wati, ampea, wote walikuwa watu na shughuli zao. Ukiwasha taa tu umeshataja maiti." Akasema mama yake Bell alikuwa hasikii vizuri, na mke wake alikuwa kiziwi kabisa.

"Kwa hiyo alipima kwa sababu ya uchungu."

"Sijui alipima kwa sababu gani. Najua kwamba ukipima, pima kweli."

Ameniachia daftari la kiwanda la kuandika kila siku hali ya hewa na ya mashine. Hili nimejinunulia mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Chumba cha kupimia ni stoo ya nyuma. Tumesimamisha magodoro ya zamani ukutani kuzuia kelele. Nimepima sita. Jua kali.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nimempima Redio. Wanamwita hivyo kwa sababu hazimiki. Anaanza kuongea getini na kumaliza getini jioni. Nilijua anapiga kelele, sikujua kwamba ni kwa sababu hajisikii.

Anayesikia mlio wa desibeli 25 au chini ya hapo ni mzima. Namba ikipanda, sikio limeshuka. Kwenye milio mizito, ya hezi mia tano, Redio alikuwa mzima. Nilipofika hezi elfu nne akatulia, mikono magotini, anangoja. Nikapandisha: 40, 50, 60. Anangoja tu, ananitabasamia. Alibonyeza kwenye 75.

"Umeanza?" akaniuliza.

Anasema watu siku hizi wanaongea kama wana pamba mdomoni. Mkewe akimwambia "shika" yeye anasikia "pika", anaingia jikoni, watoto wanacheka. Fundi alinieleza: herufi kama s, sh na f ni milio ya juu, ndizo zinazokufa kwanza. Redio anasikia nusu ya kila neno na nusu nyingine anaitunga mwenyewe.

Nikaandika 75. Niliona fahari kidogo, nasema kweli. Nikajiambia, sasa atasaidiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Nimepeleka kwa meneja matokeo ya watu thelathini na nane.

Jumatatu, 18 Machi

Redio ameachishwa kazi. Yeye na wengine watatu, wote wale niliowaandikia zaidi ya 70. Barua inasema "kwa sababu za kiafya".

Alikuja zahanati na ile barua ameikunja mara nne. Kwa mara ya kwanza hakuwa na maneno mengi.

"Nesi, mimi nilifikiri ni mchezo wa kubonyeza. Ningejua, ningebonyeza muda wote."

Nilikwenda kwa meneja. Ni mtu mpole, huwa anasimama ukiingia. Alisimama.

"Bosi, wale watu masikio yao yameharibikia humu humu ndani."

"Inawezekana. Au kwenye muziki wa harusi. Ninachojua, asiyesikia asikae karibu na mashine, na hilo umelithibitisha wewe. Kwa kweli umetusaidia sana."

Umetusaidia sana. Nimerudi na maneno hayo kama mtu aliyemeza mfupa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua kutwa. Paa la stoo ni bati, ikinyesha hata mimi nisiyeumwa sisikii mlio. Nilimpigia fundi. Akasema, "Mvua ikinyesha usipime. Andika 'hakupimwa', ngoja ikatike." Nikamwambia kwamba meneja anataka kazi iishe Aprili. Akasema mvua haina meneja.

Ijumaa, 22 Machi

Wamenipa jina. Nikipita ukumbini, mmoja anaita "Desibeli hiyo!" na wote wanainamia mashine kama wanafunzi walioona mwalimu. Juzi tu walikuwa wananiita dada.

Jumapili, 24 Machi

Nilikwenda kwa kaka. Televisheni yao inasikika tangu kona ya mtaa. Wifi anasema majirani wamezima zao, wanasikiliza taarifa ya habari bure. Tulicheka. Lakini nilikaa nikimtazama kaka kwa jicho la kazi. Kumbe anaangalia midomo. Wifi akiongea huku amegeuka, yeye anatikisa kichwa na kusema "Haya". Kila kitu kwake ni "haya".

Kaka ndiye aliyenilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye kumi na tisa. Aliacha shule, akanishonea sare kwa mkono, upande mmoja wa sketi mrefu kuliko mwingine. Mimi ni nesi kwa sababu yeye aliingia kiwandani.

Aliponisindikiza akasimama mbele yangu ili auone uso wangu.

"Zamu yangu ni lini?"

"Alhamisi."

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Najua, kaka."

"Sikuombi kitu, mdogo wangu. Nakukumbusha tu."

Alhamisi, 28 Machi

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Tangu asubuhi ilikuwa inanyesha, ikakatika saa nne, nikamwita.

Aliingia amevua buti mlangoni, jambo ambalo hakuna mwingine anayelifanya. Nikamvisha hedifoni. Nikaanza na mlio mzito, akabonyeza sawasawa. Nikapanda. Akabonyeza. Elfu mbili, akabonyeza. Elfu nne, desibeli ishirini, akabonyeza! Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Halafu nikaona macho yake yako wapi. Dirisha lilikuwa nyuma yangu kidogo, na kwenye kioo mkono wangu ulionekana kila unapogusa swichi. Alikuwa hasikii. Alikuwa ananisoma.

Nikamwambia ageukie ukuta. Sikumwambia kwa sauti. Nilimshika mabega nikamgeuza, naye akageuka kama mtoto aliyekutwa na kosa. Nikaanza upya.

Elfu nne. 30, hakuna. 50, hakuna. 65, hakuna. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, kidole juu ya kitufe. Alikuwa anabonyeza ovyo sasa, mara mbili, mara tatu, wakati mimi sijagusa chochote, anakisia ukimya wangu. Alisikia kwenye 80. Alipousikia akageuka haraka na uso umemng'aa.

"Huo! Huo nimeusikia!"

Kweli mvua ilianza tena dakika ile, kubwa, bati likaunguruma. Ningeweza kuandika "hakupimwa". Lingekuwa neno la kweli na lingetupa muda. Lakini jina lake lingebaki kwenye orodha, na orodha ingerudi, na mimi nilitaka jambo liishe.

Nimeandika 25. Kulia 25, kushoto 25.

Kaka aliitazama karatasi, hakusema asante. Alivaa buti zake akatoka mvuani.

Jumanne, 2 Aprili

Nilifikiri litakuwa la kaka tu, kumbe wenzake wamelijua. Jana alikuja mjane mmoja wa ghalani, ana watoto wanne. Leo mfungaji wa masanduku. Hawaombi, wanakaa tu na kunitazama. Nikimwandikia kaka yangu, nitamnyima nani?

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. 25, 25, 25.

Jumanne, 9 Aprili

Wamefika kumi na saba. Ukumbini wananiita dada tena.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimejipa ujasiri nikaenda kwa meneja kuomba vikinga masikio, vile vigumu vinavyofunika sikio lote. Nilikuwa na hoja zangu zote: 97, nusu saa, maradufu. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akafungua faili na kulisukuma mbele yangu.

"Nesi, hii si saini yako?"

"Ni yangu."

"Tangu tuwaondoe wale wanne, karibu wote masikio ni mazima. Ishirini na tano, ishirini na tano. Unataka nipeleke makao makuu ombi la dawa ya ugonjwa ambao wewe mwenyewe umeandika haupo?"

Nilitaka kuwafunika watu kumi na saba, nimewavua mia moja na nane.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo kaka amehamishwa. Meneja alitafuta mtu mzima, makini, mwenye masikio mazuri, wa kuongoza foklifti, zile gari za kunyanyulia mizigo, uani zinaporudi nyuma na koili za waya. Alipitia ripoti yangu, akamchagua yeye.

Nilimfuata uani. Koili moja, waya uliozungushwa kama tairi, ni karibu nusu tani. Foklifti ikirudi nyuma inalia pi-pi-pi, mlio mwembamba. Nilisimama pale nikiusikiliza, nikajua kabisa uko upande gani wa karatasi yake: ule wa milio ya juu asiyoisikia.

"Kaka, ikatae hii kazi."

"Nikatae kwa sababu gani?" Alikuwa anatazama mdomo wangu. "Niseme sisikii? Halafu watauliza nani aliandika nasikia."

"Nitasema mimi."

"Utasema nini? Ufukuzwe, unyang'anywe leseni, tukae wawili nyumbani tunatazamana? Mimi nina macho. Huku nje ni hewa safi, hakuna kelele. Acha, mdogo wangu."

Nikaacha. Sitaandika kwamba alinilazimisha. Aliniambia niache, nami nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo.

Jumanne, 30 Aprili

Kazi imeisha. Watu wote waliobaki wamepimwa. Meneja ameninunulia soda. Uani maji yamefika kwenye vifundo.

Ijumaa, 3 Mei

Kila nikisikia pi-pi-pi nakwenda dirishani. Yupo. Amevaa koti la njano, anageuza kichwa kulia, kushoto, kulia, kama ndege anayekula barabarani.

Jumatano, 8 Mei

Kaka amekufa leo saa tano na robo asubuhi.

Jumamosi, 11 Mei

Tumemzika. Naandika sasa kwa sababu nisipoandika nitaanza kulikumbuka jambo lenyewe kwa namna inayonifaa mimi.

Ilikuwa inanyesha sana. Foklifti mbili zilikuwa uani, kwa kawaida huwa moja. Kaka aliitazama ya mbele, akaipungia mkono. Ya pili ikarudi nyuma kutoka ghalani. Dereva wake anasema kengele ililia, na kweli ililia, hata mimi niliisikia ndani ya zahanati na mvua juu ya bati. Nilisimama kwenda dirishani kama kawaida yangu. Dereva hakuona nyuma kwa sababu ya mvua, alimtegemea mwongozaji. Watu walipiga kelele. Wote walipiga kelele, hata wa getini. Kaka hakugeuka. Foklifti ilimbana kwenye rundo la koili.

Nilifika na mkoba wangu. Macho yake yalikuwa bado wazi. Nilizungumza naye, sijui nilisema nini. Alitazama mdomo wangu, lakini mvua ilikuwa inatuingia machoni sote wawili, na sidhani kama aliweza kuusoma.

Wifi hajalia mbele za watu. Ana uso mkavu, kama mtu aliyekasirika. Watu wameanza kunong'ona.

Alhamisi, 16 Mei

Leo amekuja mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba. Tuliitwa ofisini kwa meneja: mimi, dereva, na wifi kwa upande wa familia.

Meneja alisimama wifi alipoingia. Akampa pole, na nadhani pole yenyewe ilikuwa ya kweli. Halafu akafungua faili.

"Marehemu alipimwa masikio tarehe ishirini na nane Machi. Ishirini na tano, pande zote mbili. Mzima kabisa. Kengele ilikuwa inafanya kazi, mashahidi wapo. Inaniuma kusema, lakini mtu anayesikia kengele na asisogee, huo ni uzembe wake."

Mkaguzi akaandika. Nilimsikia akiandika. Neno "uzembe" si refu.

Wifi akasema taratibu, "Mume wangu hakuwa mzembe."

Waswahili wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimechelea watu wote kulia. Nikasimama.

"Alikuwa hasikii," nikasema. "Ile karatasi ni ya uongo. Niliandika mimi. Kwenye hezi elfu nne alisikia kwenye desibeli themanini. Nilijua. Wako wengine kumi na sita, nitakutajia mmoja mmoja na namba zao za kweli, nazikumbuka."

Dereva alijishika kichwa. Meneja akakaa. Mkaguzi alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Dada nesi, unajua kinachokufuata baada ya maneno haya?"

"Najua."

"Kwa nini ulifanya?"

"Kwa sababu wale wanne wa mwanzo niliowaandikia ukweli walifukuzwa." Nikamtazama meneja. "Na yule mmoja alikuwa kaka yangu."

Nilijilazimisha kumtazama wifi. Alikuwa ananikazia macho. Akachukua mkoba wake akatoka, hakufunga mlango.

Ijumaa, 17 Mei

Nimesimamishwa kazi. Nimekabidhi funguo za zahanati.

Jumatatu, 20 Mei

Fundi wa vipimo amerudi kupima wote upya, safari hii ndani ya gari maalumu lenye kuta nene. Ukumbi umefungwa hadi vikinga vije. Redio na wenzake watatu wameitwa wapimwe tena, wanaweza kudai fidia. Nilikutana na fundi getini nilipokwenda kuchukua nguo zangu. Nilingoja anilaumu.

"Mashine nimeikagua," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Haikukosea hata mara moja."

Akaniaga kwa mkono. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 23 Mei

Barua ya baraza la wauguzi. Kikao ni mwezi ujao. Mvua inapungua.

Jumapili, 26 Mei

Wifi amekuja. Sikumtarajia. Siku kumi hajapokea simu yangu, na mara mbili nimegonga mlango wake hakufungua.

Hakutaka kukaa. Alisimama katikati ya chumba na kanga yake kichwani.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, wifi. Usinidanganye."

"Sikudanganyi."

"Miezi ile ya mwisho. Nilipokuwa naongea naye ndani ya nyumba. Alikuwa ananisikia?"

Nilifikiria kumpa jibu laini. Lilinijia mdomoni, tayari kabisa, kama ile 25.

"Alisikia kwamba unaongea," nikasema. "Sauti yako ilimfikia. Maneno, kama hakuona uso wako, hapana. Alikuwa anakisia."

"Hata nikiwa karibu? Hatua tatu hivi?"

"Hata hatua tatu."

Alikaa. Alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti.

"Mwanzoni mwa Aprili nilikuwa naosha vyombo," akasema. "Yeye yuko mezani. Niliona haya kumtazama, nikamwambia nimempa mgongo. Nilimwambia, nimegusa uvimbe kwenye titi, naogopa. Akasema, 'Haya.'"

Akaivua kanga kichwani, akaikunja magotini.

"Haya, wifi! Akaendelea kula. Nikasema huyu mtu miaka kumi na sita tumelala kitanda kimoja, namwambia nakufa, ananijibu haya. Sikumsemesha tena. Nampakulia, naondoka. Mwezi mzima. Alikuwa ananifuata jikoni anauliza, nimekukosea nini? Sikumjibu. Asubuhi ile aliniaga nikamgeuzia uso." Akaanza kulia, kilio ambacho hakukilia makaburini. "Hakusikia. Mungu wangu, hakusikia."

Nilikaa sakafuni karibu naye. Sikuthubutu kumgusa, hadi aliponiegemea mwenyewe. Alilia muda mrefu. Sikumwambia anyamaze.

Baadaye nikamuuliza, "Uvimbe bado upo?"

"Upo."

"Umekua?"

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ulimwambia mtu mwingine?"

"Ningemwambia nani? Nesi ni wewe, dada yake, na tangu nimnunie yeye kwako nilikuwa siji."

Nikaenda kunawa mikono, nikaipasha joto kwa kuisugua. Nikafunga mlango, nikamwambia alale kitandani kwangu, mkono juu ya kichwa. Nilipapasa taratibu, kwa vidole vitatu, kama nilivyofundishwa. Upo upande wa kushoto, mgumu, mkubwa kama punje ya hindi. Hausogei.

"Niambie," akasema.

"Sijui ni nini. Hakuna anayeweza kujua kwa vidole. Lakini siupendi, na tumechelewa wiki saba."

Alivaa blauzi yake. Nikamfungia vifungo.

Amelala hapa leo. Kesho saa kumi na mbili tunatoka, tuwe wa kwanza kwenye foleni ya hospitali kuu.